Maumbo Yanayoitika Kidole

Msomaji aliyepata kufungua ukurasa wa wavuti akakuta humo mchezo, ramani au ubao wa kubunia fulana, akagusa duara likageuka rangi, akalivuta likamfuata, aghalabu huamini kwamba duara lile ni kitu kilichopo, chenye mwili na mipaka yake. Hakika ya jambo ni nyingine, nayo ndiyo inayoifanya fani ya kuyapamba maumbo hayo kwa msimbo istahili kuangaliwa kwa nadhari.

Maumbo hayo huchorwa juu ya turubai la kuchorea ndani ya kivinjari, lililobuniwa na kampuni ya Apple mwaka 2004, kwa ajili ya programu ndogondogo za kompyuta zake za Mac. Kivinjari cha Firefox kikalipokea mwaka 2005, Opera mwaka uliofuata, na mwaka 2014 likaidhinishwa pamoja na sanifu ya HTML5. Ni mstatili mtupu, ambao usipotajiwa vipimo huwa na upana wa pikseli 300 na kimo cha pikseli 150, na ambao hauhifadhi chochote ila rangi ya kila pikseli. Ni kama ukuta uliopakwa chokaa: fundi akichora jahazi juu yake, ukuta huipokea rangi, lakini haujui kwamba umechorwa jahazi, wala hauna uwezo wa kulisogeza. Kumbukumbu ya kwamba hapa pana duara na pale pana mraba sharti iwekwe na msimbo wenyewe, katika orodha ya mahali, ukubwa na rangi ya kila umbo. Na moja likisogezwa, mchoro hufutwa na kuchorwa upya, aghalabu mara 60 kwa sekunde, hata jicho likaona mwendo usiokatika.

Mapambo yenyewe si mengi: rangi ya ndani, mstari wa pembezoni, kivuli, uangavu, na mpito wa rangi moja hadi nyingine. Ila turubai hushika amri ya mwisho liliyopewa, hivyo anayeweka kivuli kwa duara moja asikiondoe atakikuta chini ya kila umbo linalofuata. Ndiyo sababu mafundi huihifadhi hali ya awali kabla ya kuchora na kuirejesha wamalizapo. Mstari nao hukaa nusu ndani na nusu nje ya mpaka wa umbo, kwa hiyo mstari wima wa pikseli moja, ukipigwa kwenye nambari kamili, huangukia pikseli mbili na kuonekana mnene na uliofifia. Ukisogezwa kwa nusu pikseli hunyooka na kukolea.

Swali zito ni hili: kidole kikigusa, msimbo utajuaje ni umbo gani lililoguswa? Kwa duara hesabu ni nyepesi, kwani hupimwa umbali kutoka kitovuni, nao ukiwa mfupi kuliko nusu kipenyo, basi limeguswa. Lakini mpaka wa wilaya kwenye ramani, wenye kona mamia kwa mamia, hautaki hesabu ya namna hiyo. Maktaba ya programu iitwayo Konva, iliyotungwa kwa ajili ya lugha ya JavaScript, hutumia hila ninayoihesabu kuwa miongoni mwa fikra nzuri kabisa za fani hii: pamoja na turubai linaloonekana huweka la pili lisiloonekana na mtu, na kila umbo huchorwa humo kwa rangi yake ya pekee. Kidole kikigusa, msimbo hausumbuki na kona. Huisoma rangi ya pikseli ile katika turubai la siri, na rangi hiyo ndiyo inayolitambulisha umbo. Hapo pana faida nyingine kubwa, nayo ni kwamba umbo la siri laweza kuwa nene kuliko la dhahiri, hata mstari mwembamba wa pikseli mbili ukashikika kwa kidole kinene bila kuharibiwa sura yake.

Kwa hiyo kupamba umbo la namna hii ni kumwambia mtu kipi kinashikika na kipi kimeshikwa. Maktaba nyingine mashuhuri, Fabric.js, huzungushia umbo lililochaguliwa vishikio vinane vya kulikuzia na cha tisa cha kulizungushia. Navyo kwa desturi huwa vya samawati hafifu, ambavyo juu ya picha ya bahari au anga hupotea kabisa, na fundi anayejali huvibadilisha. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, katika miongozo yake hutaka umbo lenye maana litofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa 3 kwa 1 au zaidi, na toleo la mwaka 2023 likaongeza kwamba mahali pa kugusa pasipungue pikseli 24 kwa 24.

Nawahurumia zaidi wasioona, kwa sababu programu inayowasomea kurasa haioni ndani ya turubai ila rangi tupu. Dawa ipo, nayo hupuuzwa mno: ndani ya alama za turubai huandikwa vitufe vya kawaida, kimoja kwa kila umbo, visivyoonekana kwenye kioo lakini vinavyosomeka kwa sauti na kufikiwa kwa baobonye, na kitufe kinapofikiwa, ipo amri ya turubai inayolichorea umbo linalohusika duru ya kulibainisha, ili naye anayeona lakini asiyeweza kutumia kipanya ajue amesimama wapi.