Ushindi 28, na bado mlango ukafungwa

Ikiwa nyumbani mwako kuna kijana anayependa mpira wa vikapu, bila shaka umewahi kumsikia akibishana na wenzake kuhusu timu za vyuo vikuu vya Marekani, hasa inapofika Februari na Machi. Atakuambia kwamba timu fulani ni "nambari moja", nyingine ni "nambari kumi na mbili", na nyingine bado iko ukingoni. Ukimwuliza maana ya mambo hayo, atakueleza kwa haraka na kukuacha pale pale ulipokuwa.

Makala haya yanakusudia kukufungulia fumbo hilo. Wala usidhani kwamba ni mambo ya wanamichezo peke yao. Ndani yake mna swali ambalo kila mzazi na kila mwanafunzi humu nchini analijua vizuri: je, mtu apimwe kwa kazi aliyoifanya mwaka mzima, au kwa mtihani wa siku moja?

Hebu tazama mambo yaliyotokea mwaka wa 2024.

Chuo Kikuu cha Indiana State kiko katika mji wa Terre Haute. Ndicho alichokichezea Larry Bird, kabla hajawa nyota wa ligi ya kulipwa, alipokifikisha kwenye fainali ya taifa mwaka wa 1979 na kushindwa na Michigan State ya Magic Johnson. Baada ya hapo chuo hicho kilikaa miaka mingi bila kutajwa sana. Msimu huo wa 2024 vijana wake walicheza kama waliopandwa na mashetani. Walishinda mechi 28, wakapoteza sita tu, na wakaongoza jedwali la konferensi yao, Missouri Valley. Lakini mnamo Machi 10, katika fainali ya mashindano ya konferensi hiyo, walishindwa na Drake kwa pointi 84-80. Wiki moja baadaye majina ya timu 68 zilizofuzu kwa mashindano ya taifa yalisomwa. Jina la Indiana State halikuwemo.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na timu nyingine, North Carolina State. Katika konferensi yake ya ACC iliyokuwa na timu 15, ilikuwa imemaliza katika nafasi ya kumi. Ilikuwa imeshinda mechi tisa za konferensi na kupoteza 11, zikiwemo nne za mwisho mfululizo. Hakuna aliyeihesabu. Hata hivyo, ilifika Washington kwa mashindano ya konferensi na kushinda mechi tano kwa siku tano. Katika nusu fainali dhidi ya Virginia ilikuwa nyuma kwa pointi tatu na sekunde zilikuwa zinayoyoma. Michael O'Connell akarusha mpira kutoka mbali, ukagonga ubao na kuingia, na mechi ikaenda kwenye muda wa ziada. Siku iliyofuata waliwanyuka majirani zao wa North Carolina, vinara wa jedwali, kwa pointi 84-76. Mlango uliofungiwa Indiana State ukawafungukia wao.

Je, hiyo ni haki? Kabla hujajibu, ni vyema ujue jinsi mambo yanavyopangwa.

Jedwali lasomwaje?

Vyuo vya daraja la kwanza vya Marekani ni zaidi ya 350. Haviwezi kukutana vyote, na kwa hivyo vimegawanywa katika makundi yanayoitwa konferensi. Kila konferensi ina jedwali lake.

Ukilitazama jedwali hilo gazetini, utaona hesabu mbili kando ya jina la kila timu. Moja ni ya mechi zote za msimu. Nyingine ni ya mechi za konferensi peke yake, na hii ndiyo inayopanga nafasi. Hakuna pointi tatu za ushindi wala pointi moja ya sare kama katika kandanda, kwa maana mpira wa vikapu hauna sare. Wakitoshana nguvu, huongezewa dakika tano, na tano nyingine, hadi mmoja asalimu amri.

Ndiyo sababu timu inaweza kuwa na rekodi nzuri kwa jumla lakini ikawa katikati ya jedwali. Mwaka wa 2011 Chuo Kikuu cha Connecticut kilikuwa na ushindi 21 na kushindwa mara tisa. Lakini katika konferensi yake, Big East, kilikuwa kimeshinda mechi tisa na kupoteza tisa, kikawa cha tisa kati ya timu 16.

Nafasi hiyo ina uzito wake. Katika mashindano ya Big East ya miaka hiyo, timu nne za kwanza ziliruka raundi mbili na kuanzia robo fainali. Iliyotoka chini ilihitaji kushinda mara tano kwa siku tano, bila siku ya kupumzisha magoti. Kwa hivyo, timu inayopigania nafasi ya nne mwishoni mwa Februari haipiganii sifa tu. Inapigania usingizi na miguu isiyochoka.

Connecticut ya 2011, ikiongozwa na Kemba Walker, ilikubali njia ndefu. Ilishinda mechi zote tano, kisha ikashinda nyingine sita katika mashindano ya taifa na kutawazwa bingwa. Lakini usilifanye jambo hilo kuwa kanuni. Linakumbukwa kwa sababu hutokea mara chache mno.

Wakilingana je?

Timu mbili zikimaliza na rekodi sawa, jambo la kwanza kutazamwa kwa kawaida ni nani alimshinda mwenzake walipokutana. Wakiwa bado sawa, hutazamwa jinsi kila mmoja alivyocheza dhidi ya timu iliyoongoza jedwali, kisha iliyofuata, hivyo hivyo kuteremka chini.

Mfano mzuri ni wa mwaka wa 2009, na una mtu wa huku kwetu. Connecticut hiyo hiyo ilikuwa na kijana kutoka Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa zaidi ya futi saba. Ilimaliza na ushindi 15 na kushindwa mara tatu katika Big East. Pittsburgh nayo ilikuwa na hesabu hiyo hiyo. Lakini Pittsburgh ilikuwa imeishinda Connecticut mara mbili msimu huo, mara ya pili ikiwa katika mechi ya mwisho kabisa, Machi 7. Basi Pittsburgh ikawa ya pili, na akina Thabeet wakawa wa tatu.

Wa tatu alipangiwa kukutana na wa sita, Syracuse, katika robo fainali mjini New York. Mechi hiyo ilianza usiku wa Machi 12. Dakika 40 zilipokwisha walikuwa 71-71. Waliongezewa muda wa ziada mara sita. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70. Syracuse iliposhinda kwa 127-117, saa za New York zilikuwa zimepita saa saba za usiku. Hapa Nairobi kulikuwa kumekucha, ilikuwa saa mbili na dakika 22 asubuhi, na watu walikuwa wamekwisha kufika kazini.

Kamati na mizani yake

Hapa ndipo wengi hupotea. Kufuzu kwa mashindano ya taifa kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuwa bingwa wa konferensi. Katika mashindano ya 2025 mabingwa 31 waliingia hivyo, pasipo mtu kuwauliza swali. Zingatia kwamba bingwa hapa ni yule aliyeshinda mashindano ya mwisho wa msimu, wala si lazima awe aliyeongoza jedwali. Konferensi ya Ivy League, yenye vyuo kama Harvard na Princeton, ndiyo iliyochelewa kuliko zote kuufuata mtindo huo. Hadi mwaka wa 2017 ilikuwa ikimpa tikiti aliyeongoza jedwali.

Njia ya pili ni kuteuliwa. Nafasi 37 zilizosalia mwaka huo wa 2025 zilitolewa na kamati ya wasimamizi wa vyuo na wa konferensi. Hao huangalia kitu kimoja zaidi ya idadi ya ushindi: umemshinda nani, na wapi? Tangu msimu wa 2018-19 wanatumia orodha iitwayo NET. Kwa mizani hiyo, kuishinda ugenini timu iliyo miongoni mwa 75 bora huwekwa kundi moja na kuishinda nyumbani timu iliyo miongoni mwa 30 bora. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kamati humtunza zaidi anayeshinda kwa watu.

Sasa unaona balaa iliyoipata Indiana State. Konferensi yake haina vigogo wengi, na kwa hivyo haikupata nafasi nyingi za kushinda mechi za kutajika. Kila mara timu isiyotarajiwa, kama North Carolina State, Oregon au Duquesne mwaka huo, ilipotwaa ubingwa wa konferensi, nafasi moja ya uteuzi ilitoweka. Konferensi kubwa hazina hofu hiyo. Mwaka wa 2025 konferensi ya SEC peke yake iliingiza timu 14, idadi ambayo haikuwa imewahi kuonekana.

Nambari zina maana gani?

Baada ya uteuzi, timu hupangwa katika kanda nne, na katika kila kanda hupewa nambari kutoka moja hadi 16. Utaratibu wa kumpa kila mmoja nambari ulianza mwaka ule ule wa 1979 wa Bird na Magic. Nambari moja hukutana na 16, mbili na 15, na kuendelea hadi nane na tisa. Aliyefanya kazi nzuri hutuzwa kwa kupewa mpinzani dhaifu zaidi.

Tuzo hiyo si ndogo. Tangu mashindano yawe na timu 64 mwaka wa 1985 hadi 2025, nambari moja na nambari 16 zimekutana mara 160. Nambari 16 imeshinda mara mbili tu: UMBC ilipoilaza Virginia 74-54 mwaka wa 2018, na Fairleigh Dickinson ilipoibwaga Purdue 63-58 mwaka wa 2023. Virginia ilirudi mwaka uliofuata na kutwaa ubingwa, ikapata la kusema.

Lakini nambari tano na 12? Hapo mambo hubadilika. Nambari 12 hushinda zaidi ya mara moja katika kila mechi tatu. Kwa hivyo mwanao akikuambia kwamba anaiogopa nambari 12, msikilize.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitambui: nambari nane si bora kuliko kumi kila mara. Nane akimshinda tisa, kwa kawaida humkuta nambari moja akimngoja. Kumi akimshinda saba, humkuta nambari mbili. Kocha mwenye busara anaweza kuridhika na nambari iliyo chini kidogo.

Kuna pia suala la fedha. Mechi zinazochezwa na timu katika mashindano ya taifa huiletea konferensi yake mgao unaolipwa kwa miaka sita. Kwa konferensi ndogo, ushindi mmoja unaweza kuwa afueni ya miaka mingi.

Sisi tumo wapi?

Tumo. Thabeet na wenzake, ingawa walitolewa na Syracuse, walipewa nambari moja katika kanda ya Magharibi, kwa maana kamati ilitazama msimu mzima. Walifika nusu fainali ya taifa, wakashindwa na Michigan State 82-73. Miezi michache baadaye alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya NBA.

Tylor Ongwae naye, aliyetupia Kenya kikapu cha sekunde ya mwisho tulipoishinda Angola 74-73 mwaka wa 2021 na kuturudisha katika fainali za Afrika, aliwahi kuchezea McNeese State ya jimbo la Louisiana. Chuo hicho kimo katika konferensi ndogo ambayo kwa kawaida huingiza bingwa wake pekee. Mwaka wa 2025, McNeese ikiwa nambari 12, iliishinda Clemson 69-67. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza katika historia ya mashindano hayo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako watakaosema Indiana State ilionewa, kwamba kazi ya miezi minne haifai kufutwa na jioni moja. Wengine watasema kwamba North Carolina State iliomba nafasi moja tu, ikapewa, na ikaonyesha kwamba ilistahili. Kwani ikiwa nambari 11 ilifika hadi nusu fainali ya taifa, ambako Purdue iliikomesha kwa 63-50.

Kwa maoni yangu, ubaya hauko katika kuwa na mtihani wa mwisho. Uko pale ambapo mtoto wa shule ndogo huambiwa alama zake za mwaka mzima hazina uzito kwa sababu hakufanya mtihani pamoja na watoto wa shule kubwa, ilhali shule kubwa hazikumwalika. Mtoto wa shule kubwa akianguka mara kumi bado hupewa nafasi ya kumi na moja. Wa shule ndogo huanguka mara moja tu.

Basi Machi ijayo, kijana wako akikuomba ruhusa ya kuamka saa kumi alfajiri kutazama mechi, usimkatalie upesi. Mwambie akuamshe nawe. Mkae pamoja na jedwali mbele yenu, umwulize: huyu amemshinda nani, na wapi? Akiweza kujibu hayo kuhusu timu, atajifunza kujiuliza hayo kuhusu kazi yake ya shule. Ila mkumbushe kwamba saa moja unusu basi la shule halimngoji mtu.