Kukodi Pikipiki kwa Safari ya Milimani: Yakupasayo Kujua Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Ipililo, mkoani Simiyu, amezoea kuendesha pikipiki katika nchi ya tambarare. Akipanda basi hadi Mombo, mkoani Tanga, na kukodi pikipiki huko ili akaitazame Milima ya Usambara, atakutana na barabara ya namna nyingine. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33, na katika mwendo huo barabara hupanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kasoro ya chombo isiyoonekana tambarare hujidhihirisha mteremkoni. Kwa hiyo tunawashauri walaji wakague chombo na kusoma masharti kabla ya kutoa fedha.

Kagua chombo

Omba kukiendesha kwa umbali mfupi mahali pa tambarare. Jaribu breki ya mbele na ya nyuma, kila moja peke yake. Tazama iwapo kashata za matairi zimekwisha na iwapo mnyororo umelegea. Washa taa na piga honi, kwa maana ukungu ni jambo la kawaida Usambara. Dai kofia ngumu nzima kwa ajili yako na abiria wako. Mkodishaji anayekataa majaribio, mwache.

Unaposhuka, tumia gia ndogo ili injini isaidie kuzuia mwendo. Wapo wanaozima injini au kuondoa gia ili kuokoa petroli. Hapo mzigo wote huziangukia breki, nazo zikipata joto kupita kiasi hupoteza nguvu. Barabara za udongo zilizo mbele ya Lushoto huteleza sana wakati wa mvua. Panga safari nje ya masika.

Uliza kuhusu bima

Wengi hudhani kwamba stika ya bima huwalinda kwa kila jambo. Sivyo. Bima ndogo, ambayo ni ya lazima kisheria, hulipa madhara yaliyompata mtu mwingine. Haikutibu wewe dereva, wala haitengenezi pikipiki uliyoiangusha. Muulize mkodishaji ni bima ya aina gani, na kama inaruhusu chombo kukodishwa. Uhai wa bima unaweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Nawe uwe na leseni ya daraja la pikipiki iliyo hai.

Andikianeni

Mkataba utaje bei, muda, kiasi cha dhamana na siku ya kuirejesha, pamoja na nani atalipia tairi likipasuka au injini ikifa njiani. Piga picha za chombo pande zote mbele ya mwenyewe, mikwaruzo ikiwamo. Usimwachie kitambulisho chako halisi, nakala yatosha. Dai risiti ya kielektroniki.

Hakiki njia

Usilipie mapema safari ya pikipiki inayodaiwa kupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Watalii hawaruhusiwi kuingia humo kwa pikipiki. Mwenye kukuahidi njia hiyo anakuuzia kile asichoweza kukupa.

Ukidhulumiwa

Anza kwa kumwandikia mkodishaji, ukieleza kasoro na fidia unayodai, na utunze nakala. Asipokujibu, wasilisha lalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC), ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji. Mgogoro na kampuni ya bima upelekwe kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO). Ambatanisha mkataba, risiti na picha: malalamiko yasiyo na ushahidi ni magumu kuyasaidia.