Mtie Mto Chumvi

Msomaji wa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, anauliza: mto wetu unashuka kwa kishindo kutoka milima ya Mumirwa hadi Ziwa Tanganyika, mbona hautuwashii hata taa? Ana haki ya kuuliza. Jirani yake, mto Mugere, unazungusha mitambo ya megawati 8 tangu 1982.

Turbini na jenereta nitaziruka, zimo kwenye vitabu vya shule. Kwanza tujue maji yanaanguka kutoka kimo gani, na yanapita kiasi gani kwa sekunde. Kimo ni kazi ya mpima ardhi. Utamu uko kwenye maji, maana mto unaorukaruka mawe haupimiki kwa kijiti kinachoelea. Huo unautia chumvi.

Kilo moja ya chumvi ya jikoni inakorogwa ndooni mpaka iyeyuke yote, kisha inamwagwa katikati ya mkondo kwa mkupuo mmoja. Mita 60 hivi chini, mwenzako ametumbukiza kipimaumeme-maji (jina nimeliunda mimi, mwenye zuri zaidi alete). Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo namba zilizotulia zinapanda ghafla, kisha zinashuka taratibu.

Kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya watu wanne kinaharibu mchuzi; kwenye sufuria ya harusi hakuna atakayekihisi. Mfunge mpishi hodari kitambaa machoni, mwambie umetia kijiko kimoja, aonje: atakisia mchuzi ni lita ngapi. Sufuria ya mto haitulii, basi anaonja kila baada ya sekunde tano na kujumlisha maonjo yote hadi chumvi ipite. Mawe na mapovu ndiyo mwiko unaoikoroga.

Tuseme kila lita imeongezewa wastani wa miligramu 10 kwa sekunde 200. Gawa kilo yetu, yaani miligramu milioni moja, kwa 2,000 (10 mara 200): lita 500 kwa sekunde. Ziangushe mita 40, mitambo ipoteze asilimia 30, zinabaki kilowati 137 hivi.

Pima juu milimani, si darajani mtaani, ambako mteremko umekwisha. Rudia Agosti, kiangazi kikiwa kimekaza. Na mchanga unaopakiwa kwenye malori kutoka mtoni humo ndio utakaosaga turbini, kwa hiyo bajeti iwe na bwawa la kuutuliza.