Mnyoo wa milimita moja na siri ya seli zetu

Kila mtu, kila ng'ombe na kila kuku huanza maisha akiwa seli moja tu. Seli hiyo hugawanyika zikawa mbili, nne, nane na kuendelea. Zote hubeba jeni zilezile, yaani maelekezo tunayorithi kwa wazazi. Kama maelekezo ni yaleyale, kwa nini seli moja huwa ngozi, nyingine msuli na nyingine neva?

Sehemu kubwa ya jibu imetoka kwa mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans. Ana urefu wa milimita moja hivi, huishi kwenye udongo na matunda yaliyooza, na hula bakteria. Ni wa kundi moja na minyoo ya tumboni na ile inayoharibu mizizi ya nyanya, lakini yeye hamdhuru mtu wala mmea.

Kwa nini mnyoo huyu?

Sydney Brenner, mwanasayansi mzaliwa wa Afrika Kusini, alimchagua miaka ya 1960 akiwa Cambridge, Uingereza. Mwili wa mnyoo huyu unapitisha mwanga, hivyo kwa hadubini unaona seli zake zikigawanyika angali hai.

John Sulston na wenzake walifuatilia kila seli ilikotoka, kama mzee anayetaja ukoo wake kizazi kwa kizazi. Kufikia mwaka 1983 ukoo wote ulikuwa umejulikana. Ukiacha seli za uzazi, mnyoo anayetaga mayai hutengeneza seli 1,090. Kati ya hizo, 131 hufa na kubaki 959. Zinazokufa ni zilezile, kwa wakati uleule, katika kila mnyoo.

Ujumbe kutoka kwa jirani

Seli haitumii jeni zote kwa pamoja. Ni kama nyumba yenye taa nyingi: kila chumba kina swichi zake zilizowashwa na zilizozimwa. Nani huziwasha? Wakati mwingine ni seli jirani.

Chukua mfano wa tundu la kutagia mayai. Seli sita hujipanga upande wa tumboni, na zote zina uwezo wa kulitengeneza. Juu yake ipo seli moja inayotoa ujumbe wa kikemikali. Seli iliyo karibu nayo zaidi huwa sehemu ya katikati ya tundu, na jirani zake wawili huwa kingo. Tatu zilizobaki huishia kuwa ngozi ya kawaida. Watafiti walipoiua ile seli inayotoa ujumbe kwa miale ya leza, tundu halikutokea kabisa.

Ndani ya seli zinazopokea ujumbe kuna jeni iitwayo let-60. Ikiharibika kwa namna ya kubaki imewashwa, hata seli ambazo hazikupata ujumbe hufanya kana kwamba zimeupata, na mnyoo huota vinundu vya ziada. Binadamu naye ana jeni za aina hiyo, ziitwazo Ras, na katika saratani nyingi hukutwa zimeharibika vivyo hivyo.

Kufa kwa wakati, kukua kwa wakati

Robert Horvitz alionyesha kwamba kufa kwa seli nako huongozwa na jeni. Jeni ced-3 isipofanya kazi, seli zilizopaswa kufa hubaki hai. Brenner, Sulston na Horvitz walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwaka 1993, Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza jinsi jeni ndogo sana, lin-4, inavyoizima jeni nyingine wakati wake ukifika. Bila lin-4, mnyoo hurudiarudia hatua za utotoni. Jeni ndogo za aina hii zimo hata mwilini mwetu, na wawili hao walipata Nobel mwaka 2024.

Yanatuhusu vipi?

Saratani si laana wala kurogwa. Huanza pale seli inapoacha kufuata maelekezo: inagawanyika bila kuambiwa, au inakataa kufa wakati wake ukifika. Ukiona uvimbe unaokua au kidonda kisichopona, nenda kituo cha afya mapema, kabla seli hizo hazijaongezeka na kusambaa.