Foki ya baiskeli ikichoka, pima kabla ya kununua

Baiskeli nyingi za milimani tunazoendesha hapa Pwani ni za mtumba. Fremu huja ikiwa bado na nguvu, lakini foki ya mbele yenye springi huwa imechoka. Ongeza chumvi ya hewa yetu, mchanga na barabara za mashimo, na haichukui muda kabla haijakwama au kuanza kugonga.

Nilimnunulia kijana wangu baiskeli ya aina hiyo ya kwendea shule. Foki ilipokwisha nilikimbilia kibandani nikachukua ya kwanza niliyoonyeshwa, kwa kuwa ilikuwa rahisi na inang'aa. Ilikuwa imetengenezewa breki za diski, na baiskeli yetu ni ya breki za mpira. Fundi akaifunga hivyo hivyo, bila breki ya mbele. Siku moja kwenye mteremko kijana alishindwa kusimama, akaingia kwenye ukuta. Alipona kwa michubuko. Pesa zangu hazikurudi.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni wa foki. Shika breki ya mbele, kisha sukuma usukani mbele na nyuma. Weka kidole pale foki inapoingia kwenye shingo ya fremu. Ukihisi mchezo hapo, huenda ni gololi tu zinazotaka kukazwa au kubadilishwa. Pakiwa pametulia lakini miguu ya foki inacheza, bushi za ndani zimelika. Mafuta yakivuja, sili zimechoka, na hizo hubadilishwa. Lakini mabomba yakiwa yameliwa na kutu au yana mikwaruzo mirefu, sili mpya zitakatika tena. Ukiona ufa popote, usiipande.

Ukiamua kubadilisha, nenda dukani na foki ya zamani mkononi, na ulinganishe mambo haya.

Bomba linaloingia shingoni: baiskeli nyingi za tangu miaka ya 1990 zina bomba la inchi 1 na thumuni, yaani milimita 28.6. Nyingine za zamani zina inchi 1. Foki nyingi za sasa zina bomba linalopanuka chini hadi inchi 1 na nusu, na hilo haliingii kwenye shingo nyembamba. Angalia pia kama bomba lina nyuzi au ni laini, na kwamba si fupi kuliko la zamani. Refu hukatwa, fupi halirefushwi.

Gurudumu na breki: gurudumu la inchi 26 litake foki ya inchi 26. Breki za mpira zinahitaji vile vishikio viwili miguuni. Visipokuwepo, iache foki hiyo dukani.

Ekseli: magurudumu ya zamani huwa na ekseli ya milimita 9 inayokaa kwenye mikato iliyo wazi. Foki yenye matundu ya milimita 15 haitakufaa bila kubadilisha habu.

Urefu: pima kutoka ekseli hadi juu ya taji la foki. Foki ndefu mno huinua mbele, hufanya usukani kuwa mzito, na huipa shingo ya fremu mzigo ambao haikuundiwa.

Usipopata inayolingana, foki ngumu isiyo na springi si aibu. Ni nyepesi, haina mafuta wala sili. Ichague yenye urefu unaokaribia ile ya zamani ikiwa imebonyea kidogo kwa uzito wa mpandaji.

Siku ya kufunga, mwambie fundi ahamishe ile pete ya chuma iliyo chini ya bomba, inayokalia gololi, au aweke mpya, na apake grisi ya kutosha. Kwa bomba laini, boliti ya juu hukazwa kwanza ili kuondoa mchezo tu, kisha ndipo hukazwa boliti za pembeni zinazoshika usukani. Rudia lile jaribio la breki kabla hujapanda.

Cha rahisi ghali, walisema wazee. Mimi karibu nilipe kwa kichwa cha mwanangu. Wewe chukua futi na upime.