Kabla Kijana Hajapewa Ufunguo wa Pikipiki



Maombi ya pikipiki hufika kwenye kamati kwa sura nyingi. Mara ni kikundi cha vijana kinachotaka kuanza bodaboda, mara ni katekista mwenye vigango vilivyotawanyika, mara ni mhudumu wa afya wa kijiji. Fomu huwa imejazwa vizuri: bei ya pikipiki, bima, mafuta ya mwezi. Fungu linalosahaulika ni la kumfundisha atakayeiendesha. Makala hii inahusu fungu hilo, na tumeiandika tukiifikiria kata ya Kalemela, wilayani Busega, mkoani Simiyu.

Bodaboda ilianza na baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960. Huku Usukumani nako baiskeli zilibeba watu na mizigo kwa miaka mingi. Pikipiki zilipoenea, Serikali ilitoa mwaka 2010 kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na biashara hii ikawa rasmi. Mwaka huohuo madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha utafiti wakionya kwamba majeraha ya pikipiki yamekuwa tatizo jipya la afya jijini humo. Wengi wa majeruhi walikuwa vijana, na walioumia miguu na vichwa ndio waliokuwa wengi.

Kijana aliyekulia kwenye baiskeli huamini kwamba pikipiki anaijua tayari. Mizani anayo, ni kweli. Lakini baiskeli huenda kwa nguvu za miguu yake mwenyewe, na akiacha kukanyaga hupungua mwendo. Pikipiki humtii hata anapokosea. Akishtuka, mkono wa kulia hukaza moto bila yeye kukusudia, na chombo hurukia kulekule alikokuwa akikuogopa. Kwa hiyo somo la kwanza lifanyike uwanjani, injini ikiwa imezimwa: klachi mkono wa kushoto, moto na breki ya mbele mkono wa kulia, gia mguu wa kushoto, breki ya nyuma mguu wa kulia. Gia hazifanani. Zipo pikipiki ambazo gia zote hukanyagwa upande mmoja, na zipo ambazo namba moja iko chini na nyingine juu. Aliyejifunzia ya jirani aulize kabla ya kupanda ya kikundi.

Baada ya hapo aiwashe, aachie klachi polepole mpaka aisikie pikipiki ikitaka kwenda, kisha aikamate tena. Arudie hivyo mara nyingi, hata kama wenzake wanamcheka. Akishaweza kuondoka na kusimama bila kuizima, afundishwe breki, na hapa ndipo mafundisho ya mtaani yanapopotosha. Vijana huambiwa wasiguse breki ya mbele, itawarusha. Ukweli ni kwamba kwenye barabara kavu breki ya mbele ndiyo inayosimamisha chombo zaidi. Inayorusha ni ile inayobanwa ghafla, au inayobanwa huku usukani umekatwa. Atumie zote mbili kwa pamoja, aongeze nguvu kidogo kidogo.

Kwenye mchanga wa luseni mambo hubadilika. Ya mbele iguswe kwa upole sana, macho yatazame mbali, mikono isikaze usukani, na moto usikatwe ghafla. Mwandishi wa makala hii alianguka mchangani wiki yake ya kwanza, kwa sababu alilitazama tairi badala ya njia. Udongo mweusi wa mbuga nao, mvua ikinyesha, hujaa kwenye magurudumu na kuteleza kama sabuni. Siku hiyo njia salama ni kushuka na kusukuma, au kutosafiri kabisa. Msimu wa pamba kuna mikokoteni ya ng'ombe isiyo na taa jioni, na wakati wote kuna mifugo inayovuka. Ng'ombe mmoja akishavuka, mngoje wa pili. Barabara kuu ya Mwanza–Musoma, yenye mabasi na malori, iwe ya mwisho kabisa katika mafunzo.

Kuhusu mavazi tuseme wazi: kofia ngumu ni mbili, ya dereva na ya abiria, na zote ziingizwe kwenye bei ya pikipiki. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia isiyofungwa kidevuni huruka kabla mwenyewe hajafika chini. Viatu viwe vya kufunika mguu, si ndala. Mama abebwaye akusanye kitenge chake mbali na mnyororo na spoku. Mishikaki, yaani abiria wawili au watatu nyuma, ikatazwe hata kwa ndugu.

Mwanafunzi anahitaji leseni ya kujifunzia, kisha mafunzo katika chuo kilichosajiliwa na mtihani wa polisi wa usalama barabarani, ndipo leseni yenyewe. Kabla ya hapo asibebe abiria. Kwa biashara huongezeka kibali cha LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Hapa ndipo kamati inapohusika moja kwa moja. Vikundi vingi hutumia mkataba: kijana huleta hesabu kila siku, na muda ukiisha pikipiki inakuwa yake. Ni mpango mzuri, ila tazameni hesabu yenyewe. Tukichukua mfano wa shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa mwaka ni shilingi 3,120,000, mbali na mafuta na matengenezo. Deni hilo likianza siku ya kwanza, mgeni wa pikipiki atakimbia, atapakia mishikaki na atasafiri usiku, kwa kuwa jioni anadaiwa. Sisi tunaona mwezi wa kwanza usiwe na hesabu kabisa, na wa pili uwe nusu. Hesabu isimame pia siku za mvua kubwa na siku pikipiki iko kwa fundi. Haya yaandikwe kwenye mkataba na kusainiwa mbele ya mzazi au mwenyekiti wa kitongoji.

Kwa wafadhili: mkitoa pikipiki moja pungufu ili waendeshaji wa zilizobaki wasomeshwe, hatutaandika kwenye taarifa kwamba lengo halikufikiwa.