Skana ya biro: namna ya kulinda fishi za kupokea mazao



Fishi ya kupokea mazao ni karatasi ndogo, lakini ndani yake kuko makuta ya mkulima. Msimu wa kahawa ao wa kakao ukiisha, na koperative ikiwa na nyongeza ya kugawa, kila mmoja anapata kufuatana na kilo alizoleta. Fishi ikipotea, mkulima anabaki na maneno ya mdomo tu, na mwandishi vile vile. Hapo ndipo ugomvi unaanza.

Sisi wote tunajua vitu vinavyomaliza makaratasi kwetu: mvua inayopita kwenye mabati, mchwa, panya, moto, na siku ya kukimbia, wakati hakuna anayekumbuka kubeba rejista. Kuko biro ambazo zina ordinatere na skana, lakini skana inatoka kwenye plastiki siku ya kutuma ripoti tu. Tunataka kuonyesha namna ya kuitumia kila siku.

Programu gani?

Windows ina programu yake ya kuskani. Katika ordinatere za Kifaransa inaitwa Télécopie et numérisation Windows. Inafaa kwa karatasi moja, lakini inaweka kila ukurasa kama picha ya peke yake. Ukiskani rejista ya kurasa 40, unabaki na picha 40 zilizotawanyika. Kwa kazi ya koperative tunapendelea NAPS2. Ni ya bure, ina menyu ya Kifaransa, inaunganisha kurasa nyingi katika PDF moja, na ukiisha kuiweka inaskani bila intaneti.

Tengeneza profili mara moja tu

Profili ni maagizo ambayo programu inakumbuka: skana gani, karatasi ya ukubwa gani, rangi gani. Kwa fishi, chagua A4, 300 dpi, rangi ya kijivu. 300 dpi ni kusema vitone 300 kwa kila inchi, ndiyo sentimeta 2,5. Inatosha kusoma mwandiko wa mkono.

Usipande 600 bila sababu. Ukurasa wa A4 wa kijivu kwa 300 dpi, kabla programu haijaukandamiza, una karibu megabaiti 9. Wa rangi unafika 26. Ukipanda 600, uzito unazidishwa mara nne, na siku ya kutuma kwa simu, megabaiti ni makuta. Usichague pia nyeusi na nyeupe: inafuta kalamu ya risasi na kopi hafifu ya kaboni. Rangi tuiache kwa hati zenye muhuri, kama statuti, mikataba na vyeti.

Kazi ya kila jioni

Panguza kioo cha skana kwa kitambaa laini kikavu. Panga fishi ndogo 4 kwenye kioo kimoja, zisipandane. Siku ya fishi 60 ni kurasa 15. Ukihesabu dakika moja kwa ukurasa, kazi inaisha katika robo saa. Skana nyingi nyembamba zinapata umeme kwa waya ya USB, bila prize ya peke yake. Kwa hiyo ordinatere ya kubeba yenye betri iliyojaa inatosha, hata jua likiisha kutua.

Kabla ya kuhifadhi, kuza picha na usome namba za kilo. Kama 1 na 7 zinafanana kwenye skrini, rudilia palepale, wakati fishi ingali mkononi. Kisha hifadhi zote katika PDF moja.

Jina la faili

Faili inayoitwa "skani mpya 3" ni sawa na faili iliyopotea. Andika mwaka, mwezi, siku, depo, na namba za fishi, hivi: 2025-04-14_depoA_fishi0121-0180. Mwaka ukitangulia, ordinatere yenyewe inapanga faili kufuatana na tarehe. Mkulima akija na ile nusu ya fishi yake, namba 0147, unaipata mbio.

NAPS2 inaweza pia kutambua maandishi, ili utafute neno ndani ya PDF. Inasaidia kwa barua zilizochapwa. Kwa mwandiko wa mkono usiitegemee. Ndiyo maana jina la faili lina kazi kubwa.

Kopi tatu, na siri

Kopi moja ibaki katika ordinatere, ya pili katika kle USB inayofungiwa, ya tatu mbali na biro, kwa mfano kwa prezida ao katika mji mwingine. Kle USB iliyo katika meza moja na ordinatere itaungua ama itaibiwa pamoja nayo.

Liste ya memba ina majina, simu na mashamba. Katika maeneo yetu, liste hiyo ikianguka katika mikono mibaya inaweza kuleta hatari kwa watu. NAPS2 inaruhusu kufunga PDF kwa neno la siri. Watu wawili walijue, kusudi mmoja akisafiri kazi isisimame.

Na karatasi yenyewe musiichome. Skana inatoa kopi. Hati yenye sahihi na muhuri inabaki ya lazima siku ya mashitaki.

Tuanzie wapi?

Musianze na masanduku ya miaka 10 iliyopita, mutachoka. Anzeni na fishi za leo. Kisha statuti za OHADA, rejista ya memba, na msimu uliopita. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya uharibifu wa misitu inamtaka anayeingiza kahawa na kakao kule aonyeshe mashamba mazao yalikotoka. Mnunuzi akiuliza, koperative yenye dosie safi inamjibu siku ileile. Na mama akiuliza kilo zake za mwezi wa nne, naye apate jibu mbele ya macho yake.